Tarehe ya nani? Mwongozo kamili wa kuandika tarehe kwenye kadi, kaburi na kitabu cha ukoo bila kumkwaza mtu

Mi nna stesheneri ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Tunachapa kadi za harusi, kadi za maulidi, ratiba za ibada ya mazishi, vijitabu vya ukoo, na siku hizi hata maneno ya kwenda kuchongwa kwenye jiwe la kaburi. Mwaka wa kwanza tu wa biashara nikala hasara ambayo ndo imenifundisha haya yote ninayotaka kukuandikia.

Mzee mmoja alituma ujumbe wa sauti kwenye simu, maulidi yetu tarehe 12 Mfungo Sita, baada ya Isha, kadi 300. Kijana wangu, hodari wa kompyuta lakini mgeni wa pwani, akasikiliza, akaandika "12 Juni", akachapa zote, akakata, akapanga kwenye boksi vizuri kabisa. Mzee alipokuja kuchukua akatoa miwani mfukoni, akasoma, akaivua akaifuta kwa kanzu, akasoma tena.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Hii Juni mmeitoa wapi?"

Maulidi yake yalikuwa yanaangukia Septemba. Kadi 300 zikawa karatasi za kufungia vitumbua, na mzee hakukasirika hata, alicheka, ndo ikauma zaidi. Sasa yule kijana hakuwa na nia mbaya wala dini haikuhusika, aliamini tu kwamba duniani kuna hesabu moja ya tarehe na wengine wote wanaitafsiri ile. Hapo ndo pa kuanzia. Ukiwa unaandika tarehe kwa watu wa Tanga, ambapo kwenye barabara moja utakuta msikiti, kanisa, hekalu la Wahindi na jamatini ya Waismailia, kazi yako si kuamua hesabu ipi ndo ya kweli, kazi yako ni kuandika tarehe ya mwenyewe kama alivyoitoa halafu ya jirani yake pembeni, na kila moja iseme ni ya nani.

Hatua ya 1: Uliza, hii ni hesabu gani

Usianze kuandika kabla ya kuuliza. Najua inaonekana swali la kijinga, ila mtu akikwambia "mwezi wa sita" na mwingine akakwambia "mfungo sita" hao wako mbali kabisa.

Kwa asiyejua, miezi ya pwani inahesabiwa tangu kufungua saumu ya Ramadhani, ndo maana ya mfungo, wengine husema mfunguo. Mfungo Mosi ni Shawali, ule wa Idi ndogo. Mfungo Pili ni Dhulkaada, Mfungo Tatu ni Dhulhija ambao una hija na Idi kubwa, Mfungo Nne ni Muharamu, Mfungo Tano Safar, Mfungo Sita ni Rabiulawal mwezi wa maulidi, halafu Saba, Nane, Tisa, kisha majina yanarudi, Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Sasa angalia hapo kitu. Mwaka wa Hijria wenyewe unaanza Muharamu, ambao kwetu ni wa nne. Yani Mswahili ana mpangilio wake ndani ya kalenda ya Kiislamu, na mtu aliyesoma Kiarabu akikwambia "mwezi wa tatu wa Kiislamu" anakusudia Rabiulawal, bibi yako akikwambia mfungo tatu anakusudia Dhulhija. Wote Waislamu, wote wa mtaa mmoja, na wamepishana miezi tisa. Kwa hiyo andika jina la mwezi, namba ya mwezi isikae peke yake kamwe.

Siku za wiki pia usizichukulie poa. Jumamosi maana yake ni siku ya kwanza, mosi, baada ya Ijumaa, Jumapili ya pili, mpaka Jumatano ya tano, halafu inakuja Alhamisi ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Tuna tano mbili kwenye wiki moja na tunaishi nazo vizuri tu. Ila mtu akitafsiri barua ya zamani ya Kiarabu akakuta "siku ya tano" asikimbilie kuandika Jumatano.

Hesabu nyingine utakazokutana nazo hapa mjini: ile tunayoiita tarehe ya kizungu, ambayo Waislamu wengi wanaiita miladia yani ya kuzaliwa (Masihi), kila ofisi inaitumia. Wahindi wa Kigujarati wana Vikram Samvat, mwaka wao mpya unaanza siku inayofuata Diwali na namba yao iko mbele ya miladia kwa miaka 56 au 57 kutegemea uko kabla au baada ya hapo. Ukipata mteja Muethiopia, yeye yuko nyuma miaka 7 au 8 na mwaka wake una miezi 13, walisherehekea kuingia mwaka 2000 wakati sisi tuko Septemba 2007. Na wazee wa baharini wana ya kwao, ya Nairuzi, mwaka wa siku 365 unaohesabiwa kwa miongo, kumi kumi, kwa ajili ya pepo za kusi na kaskazi na kilimo, hii ndo mizizi ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Unguja. Mwenye hesabu hiyo hakuulizi dini, anauliza upepo.

Hatua ya 2: Uliza siku inaanza saa ngapi

Hili ndo linaloharibu kadi nyingi kuliko yote na hakuna anayelizungumza.

Kwa hesabu ya mwezi mwandamo siku inaanza jua likizama. Usiku unatangulia mchana wake. Kwa hiyo mzee akisema "usiku wa Ijumaa" anamaanisha ule ambao kijana wake anauita Alhamisi usiku. Kwa tarehe ya kizungu siku inabadilika saa sita usiku, na kwa saa yetu ya Kiswahili siku inaanza alfajiri, saa moja asubuhi ndo saa ya kwanza. Hapo una mianzo mitatu ya siku kwa mtu mmoja na hajawahi kuona ajabu.

Niliwahi kuona kadi ya hitima imeandikwa "usiku wa Ijumaa tarehe 14". Nusu ya watu walikuja Alhamisi wakakuta wenyeji wamekaa na kanga za nyumbani, hata maji ya chai hayajabandikwa. Tangu siku hiyo sisi tunaandika hivi:

*Alhamisi tarehe 13, baada ya sala ya Isha, saa 2:30 usiku (usiku wa kuamkia Ijumaa)*

Ni ndefu, najua, fonti inabidi ipungue kidogo. Lakini hakuna anayepotea. Kanuni yake ni kwamba tukio la baada ya magharibi liandikwe kwa siku ya kizungu pamoja na maneno "kuamkia", na kama unaweka tarehe ya Hijria pembeni basi ile ya Hijria iwe ya kesho yake. Kwa mfano usiku wa nisfu Shaabani ni kuamkia tarehe 15, kwa hiyo kama mchana wa Ijumaa ndo 15 Shaabani, shughuli ya usiku ni Alhamisi. Kijana akiingiza Alhamisi kwenye programu ya kubadilisha tarehe itamletea 14, maana programu nyingi zinabadilisha mchana kwa mchana. Hapo ongeza moja kwa mkono.

Mkesha wa Krismasi kanisani nao una tabia hii hii kidogo, watu wanaanza kusherehekea 25 jioni ya tarehe 24. Sio Waislamu peke yao wenye usiku unaotangulia.

Hatua ya 3: Herufi za pembeni, KK, BK, H, M na nyinginezo

Hapa ndo penye ubishi wa kidini kwa hiyo ntakaa kidogo.

KK ni kabla ya Kristo, BK ni baada ya Kristo. Vitabu vya shule vyote tulivyosoma viliandika hivyo, Mwislamu na Mkristo wakakaa dawati moja na wakapasi historia. Kwangu si matusi kwa mtu. Ila zina shida mbili. Ya kwanza, BK inadanganya watoto, wengi wanadhani ni baada ya kufa kwake Yesu, kumbe hesabu inaanzia kuzaliwa, mwanangu mwenyewe aliwahi kuongeza miaka 33 kwenye zoezi na alikuwa na hoja nzuri tu. Ya pili, kuna watu wanaona ukiwaandikia BK kwenye jambo lao la kidini umewavalisha nguo ya mwenzao. Kitabu cha historia ya msikiti chenye BK kila ukurasa, kweli kinakaa vibaya.

Wengine wakaja na KWK na WK, kabla ya wakati wa kawaida na wakati wa kawaida. Ulaya jambo hili ni la zamani, Johannes Kepler alishaandika maneno ya namna hiyo kwa Kilatini mwaka 1615, na baadaye waandishi wa Kiyahudi wakayapenda kwa sababu inayoeleweka. Maoni yangu mimi, na unaweza kukataa, ni kwamba kubadilisha herufi hakubadilishi hesabu, bado unaanzia pale pale, umeficha jina tu. Na kumwambia mtu wa Hijria kwamba wakati wa mwenzake ndo "wa kawaida", wa kwake sijui ndo upi, hiyo nayo ina kiburi chake. Halafu hapa Tanga ukiandika WK nusu ya wasomaji watadhani ni wiki.

Tena hata hiyo sehemu ya kuanzia yenyewe si sahihi kihivyo. Aliyeipiga hesabu ni mtawa Dionysius Exiguus mwaka 525, na kwa kuwa mfalme Herode anasemekana na wataalamu wengi kufa mwaka 4 KK, Yesu inabidi awe amezaliwa kabla ya hapo, yani miaka kadhaa kabla ya "Kristo". Na Hijria nayo haikuanza kuhesabiwa siku ile ya Hijra ya 622, Mtume alipohamia Madina, ilipangwa baadaye wakati wa khalifa Umar, miaka kama 17 hivi imeshapita. Nawaambia wateja hili pale wanapoanza kupandishiana sauti dukani, linatuliza.

Kwa vitendo tunafanya hivi. Mwaka wowote wa karibuni, usiweke herufi kabisa. 1961 ni 1961, hakuna anayeuliza. Kama kazi ina hesabu mbili, weka H kwenye ya Hijria na M kwenye miladia, mfano 1447 H / 2025 M. Kwa mambo ya kale sana, kama msomaji ni mchanganyiko, andika "miaka zaidi ya 2,000 iliyopita" kama huhitaji mwaka kamili, na kama unahitaji tumia KK, ukurasa wa kwanza eleza mara moja tu maana yake basi. Kazi ya kanisa tumia lugha ya kanisa, "mwaka wa Bwana 1925" ni sawa kabisa, usimnyang'anye mtu maneno yake kwa jina la kutopendelea. Kazi ya msikiti Hijria itangulie. Kazi ya serikali au shule, miladia bila herufi.

Na tahadhari moja, hakuna mwaka sifuri. Toka 1 KK unaingia 1 BK. Kwa hiyo toka 44 KK mpaka 2025 ni 44 jumlisha 2025 toa 1, yani 2068. Watu wanasahau ile moja kila siku.

Karne ndo mtego mkubwa zaidi. "Karne ya 14" kwa miladia ni miaka ya 1300, wakati wa misikiti ya mawe ya kale. Karne ya 14 ya Hijria ni 1883 hadi 1980, babu yako kazaliwa humo. Nimeona kijitabu cha ukoo kilichomrudisha babu nyuma miaka mia tano kwa ajili ya hili neno.

Hatua ya 4: Kubadilisha kwa mkono kwanza, simu baadaye

Mwaka wa mwezi mwandamo una siku 354 au 355, mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Ndo maana Ramadhani inatembea. Miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya jua.

Toka Hijria kwenda miladia: chukua mwaka, toa asilimia 3, ongeza 622. Mfano mzuri upo Kizimkazi, Unguja, msikitini kuna maandishi ya mwaka 500 H. Asilimia 3 ya 500 ni 15, inabaki 485, ongeza 622 unapata 1107, na 1107 ndo wanayoandika wanahistoria.

Kurudi, miladia kwenda Hijria: toa 622, zidisha 33, gawanya 32. 2025 toa 622 ni 1403, zidisha na gawanya unapata 1446 na ushee, na kweli 2025 ilianza ikiwa 1446 ikaisha ikiwa 1447.

Sasa sikia, mwaka mmoja wa Hijria unalala juu ya miaka miwili ya miladia. Ukipewa mwaka tu bila mwezi, tuseme 1300 H, usijifanye unajua, andika 1882/1883 na mstari wa mshazari katikati. 1300 H ilianza Novemba 1882. Anayeandika "1883" peke yake kachagua bila ushahidi. Na usiongeze siku ambayo hukupewa. Nikiulizwa tarehe ya kuzaliwa ya marehemu nikaambiwa "mwaka wa vita ya Wajerumani", naandika "alizaliwa wakati wa vita ya Wajerumani (1914–1918)", siwezi kubuni 1 Januari kama wanavyofanya wanaojaza fomu.

Ukiwa na tarehe kamili kuna njia mbili za kuihakiki. Moja ni siku ya wiki, maana wiki haikukatika kwenye kalenda zote hizi, Ijumaa ni Ijumaa kwa kila mtu. Nyingine ni mwezi wenyewe angani. Chukua vita vya hapa hapa Tanga, vile ambavyo Waingereza walishambuliwa na nyuki wakati wanapigana na jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck. Shambulio kubwa lilikuwa 4 Novemba 1914, Jumatano. Ukibadilisha unapata katikati ya Mfungo Tatu 1332 H, siku chache baada ya Idi kubwa. Katikati ya mwezi maana yake mwezi ulikuwa mpevu, na ulikuwa mpevu kweli. Kama hesabu yako ingekuletea tarehe 3 au 25 ungejua umekosea. Wahindi walioletwa kupigana upande wa Waingereza, kwa Vikram Samvat huo ulikuwa mwaka 1971. Kwa Warusi, ambao walikuwa bado kwenye kalenda ya zamani, siku ile ile ni 22 Oktoba. Nyuki ni wale wale.

Hilo la Warusi linatukumbusha kitu. Kalenda ya kizungu yenyewe imebadilika. Papa Gregory wa 13 aliirekebisha mwaka 1582, watu wakalala tarehe 4 Oktoba wakaamka tarehe 15. Waingereza wakagoma mpaka 1752, Warusi mpaka 1918. Sababu ya kugoma nyingi zilikuwa za dini na siasa, hawakutaka kufuata Roma. Kwa hiyo ukiandika maelezo ya Tongoni, yale magofu kusini ya Tanga mjini, na ukataja Vasco da Gama kupita pwani hii 1498 na 1499, tarehe zake ni za kalenda ya zamani na ziko nyuma siku 9 kulinganisha na yetu. Kwa bango la wageni haina haja, mwaka unatosha. Ukitaka kulinganisha na tarehe ya Hijria ya wakati huo, hapo sasa inahusu.

Hatua ya 5: Kusoma jiwe

Watu wananiletea picha za makaburi ya ukoo niwasomee. Mambo machache:

Piga picha asubuhi sana au jioni, jua likiwa la pembeni, au mulika tochi ya simu kwa ubavu wa jiwe, michongo iliyofutika inatoa kivuli. Usipake chaki, unga wala rangi, unaharibu na wenyewe hawapendi.

Tarakimu za Kiarabu zinaanzia kushoto kama zetu hata kama maandishi yanatoka kulia. ٦ ni sita ingawa inafanana na saba yetu. ٧ ni saba na ٨ ni nane, moja imepinduliwa. ٢ na ٣ zinatofautiana jino moja tu, likiliwa na chumvi ya bahari umepoteza mwaka au kumi au mia. Na mbaya zaidi, ٥ ni tano ila inaonekana kama sifuri, wakati sifuri yenyewe ٠ ni nukta tu, ndo ya kwanza kufutika. Ukiona tarakimu tatu, tuseme ١٣٥, kwenye kaburi ambalo ukoo unasema ni la babu wa babu, tafuta nukta katikati kabla hujatangaza kwamba mna kaburi la mwaka 135. Inawezekana ni ١٣٠٥, 1305 H, yani 1887/1888. Nilimwambia mama mmoja hivyo akaniambia "Afadhali hiyo ya kwanza baba, ingetupa heshima."

Makaburi ya Wajerumani nayo yana nyota kwa kuzaliwa na msalaba mdogo kwa kufa. Huo msalaba mdogo ni alama tu ya maandishi yao, usiuchukue ukauweka kwenye kijitabu cha ukoo mchanganyiko, kuna watu utawaudhi bure. Andika "alizaliwa" na "alifariki", Kiswahili kinayo maneno.

Hatua ya 6: Kompyuta na simu

Ukipokea 03/04/2025 kwa sisi ni tarehe 3 Aprili. Simu au kompyuta iliyowekwa Kimarekani inasoma Machi 4. Excel ndo mchawi mkuu, inageuza kimya kimya, zile zenye siku zaidi ya 12 inaziacha, kwa hiyo orodha inachanganyika nusu sahihi nusu kosa na huoni. Dawa ni kuandika mwezi kwa herufi, 3 Aprili 2025, na kwenye mafaili yako binafsi anza na mwaka, 2025-04-03, yanajipanga yenyewe kwa mfululizo.

Programu za Hijria kwenye simu zina sehemu ya kuongeza au kupunguza siku moja. Ipo kwa sababu. Programu inapiga hesabu, mtu anaangalia mwezi.

Hatua ya 7: Kalenda ya mwaka ujao

Kila Novemba napata oda za kalenda za ukutani na kila Novemba swali ni lile lile, Idi tuweke tarehe ngapi. Hapa Tanga kuna wanaofuata mwezi ulioonekana nchini, kuna wanaofuata Makka, na kuna Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya Kihindi, ambao kalenda yao imepigwa hesabu tangu zamani kwa hiyo mara nyingi wanatangulia siku moja au mbili. Barabara moja, mmoja amefunga, mwingine anakula pilau. Usiwe hakimu. Weka tarehe kwa rangi nyepesi na chini yake andika "kutegemea mwandamo wa mwezi", kama serikali yenyewe inavyotangaza sikukuu. Kwa oda ya Mabohora fuata kalenda yao bila hayo maneno, maana kwao haitegemei.

Pasaka nayo inatembea, kati ya 22 Machi na 25 Aprili, kwa sababu nayo inafungwa na mwezi mpevu. Usinakili ya mwaka jana. Na kama una mteja Muorthodoksi muulize, mara nyingi wako tofauti ingawa mwaka 2025 zote ziliangukia 20 Aprili. Diwali iko Oktoba au Novemba, muulize mwenye hekalu, usiulize intaneti.

Hatua ya 8: Hesabu za siku kwenye misiba

Arobaini. Mtu kafariki 1 Machi, ukihesabu na siku yenyewe unapata 9 Aprili, usipoihesabu ni 10 Aprili. Familia zinagombana kwa hili, nimeshuhudia. Usihesabu wewe, waulize wakupe tarehe, andika tarehe na siku ya wiki.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, miezi ya mwandamo, yani siku kama 128. Ukiihesabu kwa kalenda ya ukutani unamzidishia siku tatu nne. Ukiombwa kuandika muulize shehe wao. Zaka pia, mwaka wake ni wa mwezi, ndo maana wenye maduka wanaofunga vitabu 31 Desemba wanashauriwa kutoa kama 2.58 badala ya 2.5 kwa mia kufidia zile siku 11.

Na umri. Bibi akisema ana miaka 80 na anahesabu kwa Ramadhani alizofunga na kuona, kwa miladia ana kama 77 na nusu. Hajadanganya, wala kitambulisho chake hakijadanganya. Kwenye kijitabu cha ukoo naandika alivyosema yeye, "miaka 80 kwa hesabu ya mwezi", basi, mjukuu akitaka atapiga hesabu mwenyewe.

Kabla ya kuchapa

Chapa nakala moja tu. Mpe mwenye shughuli asome kwa sauti, sio kwa macho, maana mtu akisoma kwa sauti "Alhamisi tarehe kumi na tatu" ndo anashtuka kama sio. Halafu mpe mtu wa dini nyingine ambaye hajui lolote kuhusu shughuli, muulize aje lini na saa ngapi. Akijibu sawa, chapa. Kwangu kazi hii anaifanya mama muuza chai wa jirani, Mkristo wa Lushoto, kadi za maulidi zote za mtaa zimepita mikononi kwake na mzee wa Mfungo Sita siku hizi akifika anaanzia kwake, anauliza, "Mama, nimealikwa lini?"